Alichokubali Fundi wa Makochi

Mtaani tulimwita Misumari, na halikuwa jina la dharau. Fundi wa makochi akiwa kazini hujaza misumari midogo mdomoni, akaitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi, mkono mmoja ukivuta kitambaa na mwingine ukishika nyundo. Huyu wetu hakuiacha tabia hiyo hata aliponunua bunduki ya kupigilia pini. Mteja mgeni aliingia karakanani, akauliza bei, akamwona mtu amefumba midomo juu ya misumari, basi akasimama kungoja ateme ndipo ajibu. Angengoja mpaka kesho. Misumari alikuwa kiziwi. Homa ilimchukua masikio akiwa mdogo sana, na maneno machache aliyokuwa ameshajifunza yakaenda nayo.

Mimi nauza vitambaa ng'ambo ya barabara, mlango wangu ukitazamana na wa karakana yake. Miaka ya kuuziana mali imenifundisha lugha ya alama kiasi cha kupiga soga, si zaidi ya hapo. Haya ninayoyasimulia mengine niliyaona kwa macho, mengine aliniambia binti yake, na mengine aliniambia mwenyewe, polepole, akirudiarudia alama kama mtu anayemlisha mtoto.

Mkewe naye alikuwa kiziwi. Walikutana shule ya viziwi, yeye akijifunza ushonaji na Misumari akijifunza useremala, na wakaoana kabla watu wao hawajamaliza kubishana kama inafaa. Kaka yake mkubwa Misumari ndiye aliyepinga kuliko wote. Alisema viziwi wawili watajenga nyumba ya kimya. Laiti angeingia humo siku moja! Sijapata kuona nyumba yenye maneno mengi kama ile. Wakigombana ilikuwa kioja. Mke akichoka kubishana aligeuka tu akampa mgongo, na hapo mjadala umefungwa, maana usipoonwa hujasema. Misumari angezunguka ili amkabili, mama yule naye akageuka tena, wakazunguka hivyo katikati ya karakana huku wateja wakiwatolea macho, mpaka mmoja acheke. Aliyecheka mara nyingi alikuwa mke. Alikuwa na kishimo cha shavu, na jina lake la alama lilikuwa hilo: kidole kikizungushwa shavuni.

Walijaliwa binti mmoja, naye anasikia. Tangu hajafika urefu wa meza alikuwa masikio ya wazazi wake, sokoni, benki, kwa daktari. Sasa ni karani katika kampuni ya mizigo, mji mwingine. Ofisi yao ilipobadilisha kompyuta, aliomba moja ya zile za zamani akamletea baba yake. Akaiweka kwenye meza karibu na dirisha la mbele, akapiga picha makochi yote yaliyokuwapo na mengine akayachukua kwenye simu za wateja. Kisha akaipanga hivi: ukiiacha kompyuta dakika mbili bila kuigusa, picha zile zinaanza kupita zenyewe, kochi baada ya kochi, zikijaza kioo kizima. Wanaoijua kazi hiyo huiita skrini seva.

"Baba, wewe huwezi kumwita mpita njia," alimwambia. "Basi picha zitamwita."

Na ziliita kweli. Watu walisimama dirishani, wakaingia wakinyoosha kidole: kama lile la bluu! Misumari alijivuna. Alinivuta siku hiyo mkono kutoka dukani kwangu nikaone makochi yake yakitembea.

Baada ya hapo mkewe akaanza kukonda. Tulidhani ni uchovu, kisha vidonda vya tumbo, kisha hospitali ya hapa ikasema kuna uvimbe na wao hawauwezi. Akapelekwa hospitali ya rufaa, safari ya siku nzima. Misumari alimsindikiza, akakaa naye kadiri alivyoweza. Lakini wodi ilikuwa ya wanawake, mwanamume akiruhusiwa saa ya kuona wagonjwa tu, na huku nyuma alikuwa ameacha viti vya ukumbi mzima vikiwa mifupa mitupu, na kazi ile ndiyo iliyokuwa ikilipa matibabu. Mke mwenyewe alimfukuza. "Rudi kazini," alimwambia. "Hapa unakaa kwenye benchi kama mzigo uliosahauliwa."

Aliyebaki kumuuguza ni mdogo wake wa kike, shemeji yake Misumari. Alikuwa mwanamke mwema, wa kujitolea, lakini alama alizozijua zilihesabika: maji, chakula, inauma, choo, sawa. Wauguzi nao walivaa barakoa, hata midomo ya kusomwa haikuonekana. Hebu fikiri mtu wa maneno kama yule, aliyeweza kusimulia harusi kwa mikono mpaka ukaona rangi za nguo, leo siku nzima ana maneno matano.

Ndiyo maana saa ya kuona wagonjwa ikawa saa yake. Mdogo wake aliegemeza simu yake kubwa kwenye chupa ya maji, na huku Misumari alivua aproni, akajipangusa chenga za sponji, akakaa mbele ya kompyuta na kamera ndogo iliyobandikwa juu yake. Simu yake ya mkononi ilikuwa na kioo kidogo na macho yake hayakuwa ya kijana tena. Kwenye kompyuta alimwona mkewe mzima, mikono na uso. Basi mama yule alimwaga yote ya siku: mgonjwa wa kitanda cha jirani anayeficha chakula cha mwenziwe, daktari kijana anayetembea kama bata, ndoto zake, maumivu yake.

Ila kulikuwa na kero. Mimi na wewe tukiongea kwa simu ya picha, mdomo unasema na mkono uko huru kushika chochote. Kwao mikono ndiyo mdomo. Kompyuta haikuona mtu akigusa kitufe wala kipanya, ikahesabu kwamba haina mwenyewe, na ile programu ya simu ilikuwa ya kizamani, haikujua kuiambia kwamba hapa kuna watu wanazungumza. Dakika mbili zikipita, makochi hayo! Kochi la watu watatu linalala juu ya uso wa mke wa mtu.

Mara ya kwanza Misumari aliruka kama aliyekalia sindano. Mkewe akauliza kuna nini, akaelezwa, akacheka mpaka muuguzi akaja kutazama.

"Makochi yako yana wivu," alisema. "Yameona unaniangalia mimi tu."

Kutikisa kipanya kulirudisha picha, lakini kila alipopeleka mkono ilikuwa kama mtu anayejiziba mdomo katikati ya sentensi. Kwa hiyo Misumari akabuni njia yake. Aliweka kigoda chini ya meza, akaweka kipanya juu ya kigoda, akavua kiatu. Ukiingia wakati huo, juu ya meza uliona mzee anazungumza na mkewe kwa heshima zake zote, chini ya meza uliona kidole gumba cha mguu kikisugua kipanya kama kinamkuna mbwa. Mkewe alijua. Walipofika mahali pa kuchekesha, alikuwa akimuuliza, "Mguu haujambo?"

Misumari alimwandikia binti yake kuhusu jambo hilo. Binti akajibu: inawezekana, Baba. Kompyuta inaweza kuambiwa kwamba programu ya simu ikiwa wazi, picha zisije. Ikifungwa, ziendelee na kazi yake. Ni jambo dogo, nikija likizo nitalifanya mwenyewe, wewe usiguse usije ukapoteza picha zote. Misumari akanionyesha ujumbe huo. Siku moja tulijaribu mimi na yeye kufungua mahali penyewe, tukakutana na msitu wa maneno madogo, tukaogopa, tukafunga. Mguu ulikuwa unatosha.

Siku ya kuamkia upasuaji wa mkewe, Misumari alikaa mapema mbele ya kompyuta. Mkewe alikuwa amesukwa nywele upya na mdogo wake. Alianza na mambo ya kawaida: madaktari wamesema nini, nani atie saini wapi, nguo ya mteja fulani iko kwenye mfuko gani nyumbani. Kisha akamtuma mdogo wake akachote maji. Alimtazama akiondoka mpaka mlango ukafungwa, akasogeza simu karibu. Misumari anasema uso wake ulikuwa umetulia.

"Sasa nisikilize," alisema. "Kuna jambo nataka unikubalie. Nimelifikiri siku nyingi. Usinikatize."

Misumari akamkazia macho. Na kwa kuwa alimkazia macho, akausahau mguu.

Kochi jekundu likaja.

Alisukuma mguu kwa nguvu, kipanya kikateleza kwenye kigoda, kikaning'inia kwa waya wake chini ya meza. Alijua kamera bado inamwonyesha kwa mkewe. Akiinama, mkewe atakatizwa, na alikuwa ameambiwa asimkatize. Basi alibaki kukaa wima, anatazama kochi lake mwenyewe, anatikisa kichwa kama anayefuatilia, na chini ya meza mguu unapapasa hewa kutafuta waya. Likapita jekundu, likaja la kijani, likaja la ngozi. Mwisho kisigino kiligusa kipanya, kikakibana kwenye mguu wa meza, na kioo kikafunguka.

Mikono ya mkewe ilikuwa inashuka. Macho yalikuwa na machozi, lakini kishimo cha shavu kimeingia ndani.

"Umekubali?" aliuliza.

Nyuma yake mlango ulikuwa umefunguka, mdogo wake amerudi na maji, na muuguzi ameingia na sindano. Mkewe alionekana amechoka, kama mtu aliyetua mzigo. Misumari aliona kumrudisha mwanzo ni ukatili. Akajiambia nitamuuliza akitoka chumba cha upasuaji, tutacheka.

"Nimekubali," alisema.

Mkewe alibusu vidole vyake, akavielekeza kwenye kamera, na muuguzi akaichukua simu.

Hakutoka. Mwili uliokuwa umedhoofika haukuhimili. Binti ndiye aliyeleta habari, alipigiwa na mama yake mdogo akasafiri asubuhi ile ile, kwa sababu habari kama hiyo haiandikwi kwa baba kwenye simu. Nilimwona akishuka kwenye gari mbele ya karakana, hana mkoba wala chochote. Misumari alikuwa amepiga magoti anapigilia kiti. Aliinua kichwa, akamwona binti yake mlangoni siku ya kazi, akaitoa misumari mdomoni mmoja baada ya mwingine akaipanga sakafuni. Mikono ya binti haikuwahi kuinuka.

Tulizika. Watu walikuja wengi, viziwi na wanaosikia. Kwa siku zile zote mikono ya Misumari ilikaa mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Wageni walipotawanyika ndipo alipomwita binti yake akamweleza: kuna jambo mama yako aliniomba, nikamkubalia, na sikuliona.

Binti anasema hakulia pale. Alikwenda kwenye kompyuta, akafungua lile dirisha la maneno madogo, akaiandikia programu ya simu ruhusa yake, akaijaribu. Hata maji ya chai yasingekuwa yamechemka, naye alikuwa amemaliza. Alipoona ilivyokuwa kazi ndogo ndipo alipoanguka kwenye kiti akaomboleza kwa sauti mpaka nikavuka barabara mbio nikidhani pana msiba mwingine. Baba yake alikuwa amesimama nyuma yake, hamsikii, anayaona mabega tu.

"Ningekuja wiki moja mapema," alirudiarudia. "Wiki moja tu."

Misumari akamgeuza kiti. "Mimi ndiye niliyesema ndiyo," alimwambia. "Ningesema rudia, angerudia."

Walitafuta. Ndani ya kompyuta hakukuwa na kumbukumbu ya simu ile, wala kwenye simu ya shemeji. Wakamwita shemeji mwenyewe, wakamkalisha. Maskini alijitahidi. Alikuwa ameona kupitia kioo cha mlango, kwa kuibia, alipokuwa akirudi na ndoo. Alijaribu kuinua mikono aonyeshe, ikashuka, akainua tena. Kulikuwa na mkono kifuani, alisema. Kulikuwa na kitu kama nyumba, au labda kama mlima. Misumari alimtazama mikononi kwa tamaa ambayo sikuweza kuiangalia.

"Nisamehe, shemeji," yule mama alisema, na hilo binti akalitafsiri. "Maisha yote nimekaa na dada yangu, sikujifunza maneno yake."

Kuanzia hapo Misumari akawa mtu wa kujaribu funguo kwenye kufuli asiloliona. Alifikiri: labda alitaka nipatane na kaka. Wale ndugu walikuwa hawatembeleani tangu maneno ya harusi. Akavaa suruali ya kutokea akaenda. Kaka yake, sasa mzee wa mkongojo, alimfungulia mlango na hakuwa na lugha ya kumsemesha. Wakakaa. Mwisho kaka alimshika mkono akaukalisha kwenye paja lake, wakakaa hivyo mchana mzima, na chai ikaja na kupoa. Misumari alirudi amefurahi kidogo. Lakini usoni alikuwa bado na swali lile lile.

Akafikiri: labda alitaka cherehani apewe mtu. Akampa msichana kiziwi aliyemaliza shule. Akafikiri: labda hakutaka nikae peke yangu, au labda hakutaka nioe. Hayo mawili yalimsumbua sana kwa kuwa yanavutana, na hakujua alifunga mlango upi kwa neno lake.

Binti alipokuja tena alimsihi ahamie kwake. Baba akakataa. Binti akasema, na najua alisema kwa uchungu wa kupenda, "Huenda ndicho Mama alichokuomba. Huenda alisema usimwache mtoto wetu peke yake."

Misumari alinyanyuka. Sijawahi kumwona na hasira vile.

"Usimwekee maneno mikononi!" alisema. "Mikono yake ni yake. Alisema alichosema."

Binti aliomba radhi, wakakumbatiana, lakini usiku ule kila mmoja alilala na lake. Na tangu hapo Misumari aliacha kukisia. Aliniambia kwamba kukisia kulianza kumpa sauti nyingine, ya kwake mwenyewe, na aliogopa itaifuta ile ambayo bado anaiona akifumba macho.

Sasa huongea na binti yake kila jioni kwa kompyuta ile, na hakuna kinachowakatiza. Binti anasema mwanzoni ilimuuma kujua kwamba picha yake imekaa palepale kwenye kompyuta ya baba, safi, saa nzima.

Mwaka uliofuata, muuguzi wa hospitali yetu ya hapa alileta viti vya chumba cha kungojea kubadilishwa vitambaa. Alimwandikia Misumari kwenye karatasi: wodini kuna bibi kiziwi, ameletwa na majirani, hatujui anasema nini, analia tu. Misumari aliisoma, akavua aproni, akafuatana naye papo hapo, karakana akaniachia mimi.

Alirudi jua limezama. Nilikuwa nimekaa mlangoni pake namngoja. Nikamuuliza bibi ana nini.

"Ana paka," alisema. "Alimwacha amefungiwa ndani siku alipoanguka. Alikuwa anawaambia siku zote hizo: mfungulieni paka wangu."

"Na mmemfungulia?"

"Muuguzi ametuma mtu. Yu hai, amekonda tu." Aliketi karibu nami kwenye ngazi. "Kisha akanisimulia. Ana maneno yule bibi! Mume wake, shamba lake, jirani aliyemwibia kuku. Nilimwacha aseme mpaka mwisho. Nilikuwa sipepesi macho."

Alitaka kuendelea, mikono ikaanza alama na kuikatisha, ikaanza tena. Kisha akaiweka usoni, na pale kwenye ngazi za karakana, watu wakipita kurudi makwao, Misumari akamlilia mkewe kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Analia kwa sauti kubwa, hajui ukubwa wake. Mimi nilimshika bega, sikumwambia anyamaze.

Kesho yake alikwenda tena hospitalini. Bibi alikuwa ameomba aletewe habari za paka.